Wale wa Mwaka Juzi Wako Wapi?

Mzee mmoja alisimama kwenye mkutano mkuu wa klabu ya mkoani. Ulikuwa ukumbi wa shule, viti vya plastiki, feni mbili zinazunguka bila kuleta upepo. Mwenyekiti alikuwa ametoka kusoma taarifa ya usajili na makofi yalikuwa hayajaisha: wachezaji 9 wapya, mmoja wao aliwahi kuitwa timu ya taifa ya vijana ya kwao. Mzee akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili kana kwamba kitamponyoka. "Mheshimiwa Mwenyekiti, nakupongeza. Hawa 9 nimewasikia. Wale 11 wa mwaka juzi wako wapi?"

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti naye akacheka, akasema, "Mzee wangu, mpira una mambo mengi," kisha akaita ajenda inayofuata. Mzee hakuketi. Mkononi alikuwa na karatasi iliyochanwa kwenye kalenda ya ukutani, ukurasa wa mwezi Machi, na nyuma yake ameandika majina 11 kwa kalamu ya bluu. Majina 8 yalikuwa yamepigwa mstari. Siku ile kwenye ukumbi mzima hapakuwa na taarifa nyingine ya usajili inayostahili jina hilo zaidi ya karatasi ile ya kalenda.

Sisi wengine hatuna karatasi. Tuna kelele. Ikifika Julai kiongozi anashusha mashine, picha inapigwa uwanja wa ndege saa nane za usiku, skafu shingoni, na kijiweni mtu mzima anaapa kwamba kiongozi huyu hajawahi kutokea. Ikifika Machi mshambuliaji mmoja amekosa penalti mbili, na kiongozi yuleyule anaitwa mla hela za klabu. Hukumu zote mbili zimetoka kwenye jina moja. Kama wewe ni mwanachama mwenye kadi na unapiga kura, au hata kama ni shabiki tu unayelipa kiingilio, huwezi kumpima mtu aliyesajili wachezaji 30 kwa kumtazama mmoja.

Kwa hiyo nunua kaunta buku. Ile ya kwaya mbili inatosha kwa miaka mitano. Siku mchezaji anapotambulishwa, siku ileile, andika jina lake, umri, alikotoka, mkataba wa miaka mingapi, anakuja kucheza nafasi gani, na nani alikuwa anaicheza nafasi hiyo kabla yake. Kisha andika wewe mwenyewe unategemea nini kwake. Usisubiri mechi ya kwanza. Thamani ya daftari hili iko kwenye tarehe.

Nasema hivyo kwa sababu limeniumbua. Ukurasa wa nne wa daftari langu una jina la mshambuliaji ambaye nilimwandikia, kwa mwandiko wangu huu huu, "mashine, si chini ya mabao 15." Nilikuwa nimetazama video ya dakika nne. Ilikuwa na muziki mzuri. Dirisha dogo lilipofunguliwa akapewa mkono wa kwaheri, na dakika zake zote za ligi hazikufika 200. Bila ule ukurasa ningekuwa leo nawaambia watu kwamba mimi nilimtilia shaka tangu alipoteremka kwenye ndege.

Rudi kwenye dirisha la Yanga la mwaka 2021, maana linafundisha. Walikuja washambuliaji wawili wa Kikongo kwa wakati mmoja. Heritier Makambo alikuwa anarudi nyumbani kutoka Horoya ya Guinea, mashabiki wanamjua, wanamwimba. Fiston Mayele alitoka AS Vita, na wengi walikuwa hawajui hata jina lake linatamkwaje. Ukimuuliza mtu leo atakwambia Mayele alionekana wazi tangu mwanzo. Si kweli. Wiki ile shangwe kubwa ilikuwa ya Makambo. Mayele akafunga mabao 16 ya ligi msimu ule, Yanga ikachukua ubingwa bila kupoteza mechi, msimu uliofuata akafunga 17 na kuifikisha timu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger. Makambo akasugua benchi, akaondoka. Aliyesajili alisajili wote wawili. Ukimpa sifa ya Mayele, mwandikie na Makambo.

Kabla Wanayanga hawajanijia juu, twende kwa jirani. Dirisha la Simba la 2018 linakumbukwa kama dirisha la dhahabu, na ni haki yake: Clatous Chama na Meddie Kagere waliingia pamoja. Kagere akawa mfungaji bora misimu miwili mfululizo, Chama akaifungia Simba bao la dakika za mwisho dhidi ya AS Vita lililoipeleka robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Machi 2019. Lakini dirisha hilohilo liliwaleta Adam Salamba kutoka Lipuli, Marcel Kaheza kutoka Majimaji na Mohamed Rashid kutoka Prisons. Washambuliaji watatu wazawa waliokuwa wametoka kufunga vizuri mikoani, wote wanaletwa kwenye timu yenye Okwi, Bocco na huyo Kagere. Wangecheza wapi? Sijawahi kusikia mtu akilitaja hilo anapolisifu dirisha la 2018, na sidhani kwamba vijana wale walikuwa magalasa. Waliwekwa kwenye foleni isiyosogea. Hapo kosa ni la aliyesajili, na halionekani kwenye daftari mpaka uwe umeandika ile safu ya "nani alikuwa anaicheza nafasi hii."

Sasa tuje kwenye kipimo. Wenzetu wa Ulaya hupima kwa fedha, kanunua kwa ngapi, kauza kwa ngapi. Kwetu ada za uhamisho mara nyingi hazitangazwi, na zinazotajwa kijiweni zinakua kila zinapopita mdomo mpya. Lakini kuna sarafu mbili ambazo hakuna kiongozi anayeweza kuzificha. Ya kwanza ni nafasi za wageni. Klabu ya Ligi Kuu Bara ina nafasi 12. Proo anayekaa jukwaani hajala mshahara tu, amekalia kiti ambacho kingekaliwa na mwingine, na Simba au Yanga yenye maproo wanne wasiocheza inapambana Afrika na wageni 8 tu.

Sarafu ya pili ni dakika. Ligi ina timu 16, kila moja inacheza mechi 30, yaani dakika 2,700 bila kuhesabu za nyongeza. Mimi nimejiwekea mstari: mgeni aliyesajiliwa mwanzo wa msimu na hakuwa majeruhi, kama hajafikisha dakika 900, ni usajili uliokwama, hata kama alifunga bao tamu kwenye dabi. Kwa mzawa kijana nampa misimu miwili kabla ya kusema neno. Mstari wako unaweza kuwa mwingine. Muhimu ni usiuhamishe kwa sababu mchezaji ni wa timu yako. Na mabao yasikudanganye sana, kwa sababu beki wa kati mzuri hana takwimu ya kupigia picha, ana dakika tu.

Halafu lipo swali gumu kuliko yote, nani hasa alimchagua? Klabu zetu zina rais au mwenyekiti, mfadhili, ofisa mtendaji mkuu, kamati, kocha, na siku hizi mkurugenzi wa ufundi na skauti. Mchezaji aking'ara, wote walimuona wa kwanza. Akifeli, alikuwa chaguo la kocha aliyefukuzwa. Kocha aliyefukuzwa ana faida kubwa kwa kiongozi wa usajili, kwa kuwa hayupo kujibu.

Njia yangu ya kulitatua hili ni kutazama nini kinatokea kocha anapobadilika. Mchezaji anayepotea mara tu kocha wake anapopanda ndege, huyo mwandikie kocha. Anayebaki kwenye kikosi cha kwanza chini ya makocha watatu wenye falsafa tofauti, huyo aliyemleta alijua anachokifanya. Mfano ninaoupenda ni kipa Djigui Diarra, aliyetoka Stade Malien kwenda Yanga katika dirisha lilelile la 2021. Alikuwa namba moja kwa kocha Nabi, akawa namba moja kwa Gamondi, kisha msimu wa 2024/25 ukaja na Ramovic, na baada ya miezi michache Hamdi, naye akabaki langoni. Makocha wanne hawawezi kukosea kwa namna moja. Weka tiki, tena kubwa.

Kipimo hicho kina ubaya wake, nacho ni kwamba kinataka subira. Ukikitumia baada ya dirisha moja hakina maana. Baada ya madirisha matatu makubwa kinaanza kusema, na baada ya matano, kama kiongozi amedumu, hakuna tena pa kujificha.

Kwa kisa cha mbali kidogo, mchukue Steve Walsh. Alikuwa mkuu wa usajili wa Leicester City wakati inachukua ubingwa wa Uingereza mwaka 2016, ule ubingwa ambao kampuni za kubeti zilikuwa zimeuwekea 5,000 kwa 1. Jamie Vardy alitoka Fleetwood, timu iliyokuwa nje ya ligi nne za juu, kwa pauni milioni 1. Riyad Mahrez alitoka Le Havre, daraja la pili Ufaransa, kwa chini ya nusu milioni. N'Golo Kanté alitoka Caen kwa pauni milioni 5.6. Ukiwa na majina hayo matatu kwenye wasifu wako unaweza kugonga mlango wowote. Everton wakamchukua majira yale ya kiangazi, wakampa cheo cha mkurugenzi wa soka.

Mwaka uliofuata wakamuuza Romelu Lukaku kwa Manchester United kwa pauni milioni 75. Ukiuza mfungaji, unanunua mfungaji. Hata mwenye timu ya mtaani anajua. Everton wakanunua namba 10. Akaja Davy Klaassen kutoka Ajax kwa zaidi ya pauni milioni 23, akaja Gylfi Sigurdsson kutoka Swansea kwa karibu milioni 45, na Wayne Rooney akarudi nyumbani, naye alikuwa akipenda kucheza palepale. Kwenye ushambuliaji wa kati wakamleta Sandro Ramírez kutoka Málaga, ambaye hakufanya lolote la kukumbukwa. Oktoba kocha Ronald Koeman akafukuzwa. Mei 2018 Walsh naye akaondolewa.

Wengi walifunga jalada hapo: kumbe Leicester ilikuwa bahati. Mimi ningesema tusubiri kidogo. Leicester hakuwa peke yake, alikuwa na skauti na wachambuzi, na klabu isiyo na fedha nyingi iliyomlazimisha atafute chini. Everton kulikuwa na kocha mwenye sauti yake na mwekezaji mwenye haraka. Sijui mkono wa nani ulisukuma mkataba upi, lakini nani anaweza kudai kwamba namba 10 watatu ni wazo la mtu mmoja? Halafu tazama upande wa pili wa daftari. Katika kipindi chake hichohicho Everton ilimchukua Idrissa Gueye kwa pauni milioni 7 hivi, na mwaka 2019 ikamuuza PSG kwa karibu milioni 30. Dominic Calvert-Lewin alitoka Sheffield United kwa milioni 1.5, akaja kuichezea timu ya taifa ya Uingereza. Jordan Pickford akaja kuwa kipa namba moja wa taifa hilo. Aliyemhukumu Walsh siku ile ya Mei 2018 hakuwa na habari hizo, kwa sababu zilikuwa bado hazijatokea. Hukumu yangu? Jicho la kipaji alikuwa nalo. Kupanga kikosi kizima, kujua uanze na pengo gani, hapo alishindwa, au alikuwa mahali ambapo hakuruhusiwa kuweza. Ni kazi mbili tofauti, na kiongozi wako anaweza kuwa hodari wa moja bila nyingine.

Baadaye Walsh alisema pia kwamba alikuwa ameshamuona Erling Haaland na klabu haikukubali. Inawezekana kabisa. Ila kwenye kaunta buku yangu hakuna safu ya wachezaji tuliowakosa kidogo tu. Kila kiongozi anao, na kwenye simulizi hizo hakuna hata galasa mmoja.

Kuna nusu ya kazi ambayo watu huisahau: mlango wa kutokea. Januari 2013 Simba ilimuuza Emmanuel Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Magazeti yakapamba, biashara ya kihistoria. Fedha hazikuonekana, suala likafika FIFA, na kabla mwaka haujaisha Okwi alikuwa amevaa jezi ya Yanga. Tangu hapo nikisikia mchezaji kauzwa, naandika kwa penseli. Wino unakuja fedha zikiingia. Waulize viongozi pia kama waliweka asilimia ya mauzo ya baadaye, na kama wanafuatilia ile asilimia 5 ambayo kanuni za FIFA zinawagawia waliomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Klabu ndogo inaweza kuishi msimu mzima kwa hela hiyo, kama kuna mtu ofisini anayejua kujaza fomu.

Agosti 2021 Simba ikawaachia Luis Miquissone kwenda Al Ahly na Chama kwenda RS Berkane katika dirisha moja. Ubingwa wa nne mfululizo ndio kwanza ulikuwa umetoka kubebwa. Kilichofuata unakijua, Yanga ikaanza wa kwake. Ni rahisi kusema waliosajili 2021 walifeli. Lakini dirisha hilo lilimleta Pape Sakho, aliyechukua tuzo ya CAF ya bao bora la mwaka 2022, na Henock Inonga, ambaye baadaye akauzwa FAR Rabat. Waliokuja hawakuwa wabaya. Ila unapong'oa injini na gia boksi siku moja, hata vipuri vizuri havitawasha gari mwezi huohuo. Kosa, kama lilikuwepo, lilikuwa la kuuza wawili kwa pamoja. Na klabu ililijua hilo: Januari 2022 Chama akarudishwa.

Kwenye suala la kurudisha wa zamani nina shaka kidogo, nikiri. Chama alirudi akawa Chama. Luis aliporudi 2023 hakuwa yule aliyewafunga Al Ahly Februari 2021. Makambo nimeshamtaja. Kiongozi anapomrudisha kipenzi cha watu huwa ananunua makofi ya mwaka huu kwa mchezaji wa miaka mitatu iliyopita, kwa hiyo mpe alama nusu tu mpaka dakika ziseme.

Tarehe za mikataba nazo ziandike. Chama alipoondoka Simba Julai 2024 kwenda Yanga aliondoka huru, mkataba umeisha. Usiku ule Kariakoo hapakulalika. Wapo waliotaka uongozi wote uachie ngazi kwa kumwacha mtu aliyekuwa ametimiza miaka 33, na mwaka mmoja baadaye akawa Singida Black Stars. Kumwacha mkongwe aende bure si lazima liwe kosa. Kumwacha kijana wa miaka 22 mwenye soko aingie miezi sita ya mwisho, wakati kanuni zinamruhusu kuzungumza na klabu yoyote, hilo ni kosa la ofisini kabisa, halina uhusiano na mpira. Ukiwa na tarehe kwenye daftari utaliona linakuja mwaka mzima kabla.

Na hesabu mawakala. Wakala mmoja kuleta wachezaji wawili wazuri ni jambo la kawaida, wakala mzuri ana soko lake. Wakala mmoja kuleta watano katika misimu miwili, watatu hawachezi, hapo usimtuhumu mtu wizi, huna ushahidi. Uliza tu nani wengine waliofikiriwa kwa nafasi ile, na nani aliyekwenda kuwatazama uwanjani. Kama jibu ni video, umeshajua.

Kipaza sauti kikikufikia mkutanoni, usihutubie. Dakika zako ni mbili na watu wana njaa. Usiseme kikosi kibovu, atakujibu kwa jina la mchezaji mmoja mzuri na ukumbi utapiga makofi. Omba karatasi: "Mheshimiwa, naomba orodha ya wote waliosajiliwa tangu uingie madarakani, tarehe mikataba yao inapoisha, na walioondoka waliondoka kwa utaratibu gani." Kisha kaa, ufungue kaunta buku magotini mahali anapoweza kuiona.

Yule mzee nilimfuata nje baada ya mkutano, nikamwamkia, nikamuomba nipige picha karatasi yake. Akanipa, akasubiri nimalize, akaikunja mara nne na kuirudisha mfukoni. Nilimuuliza kuhusu yale majina matatu ambayo hayakupigwa mstari. "Mmoja ni mzuri kweli," akasema. "Wawili sijui. Mkataba wao unaisha Juni."